Kofia kwa Kata ya Uji

Enzi za Mdachi nilikuwa tarishi wa baiskeli, napeleka barua za boma kutoka Dodoma hadi Kondoa. Baiskeli ilikuwa ya serikali, kofia nyekundu ilikuwa ya serikali. Tumbo tu ndilo lilikuwa langu, na hilo hakuna aliyelikumbuka.

Safari ya kwanza niliondoka na maji ya ubuyu tu. Nilidhani kuendesha baiskeli ni kukaa. Kumbe njaa yake haianzii tumboni: hushika magoti, kisha mikono hutetemeka, na jasho huwa la baridi juani. Ilinikamata kwenye kilima kimoja kikali, na juu yake, kama aliyepima, mama wa Kigogo alikuwa na chungu cha uji wa uwele.

"Kata moja bei gani, mtani?" Mimi Mnyamwezi, watani hawakasirikiani, hata wakinyongana.

Akatazama vidole vyangu. "Kofia."

"Unatania."

"Natania. Leta kofia."

Mimi niliyezoea kununua mbuzi na kuongezewa kamba, niliivua bila kupunguza bei. Nilikunywa, nikalamba kata, nikaondoka kichwa wazi. Bomani Kondoa nilisema upepo umeichukua. Hawakuamini upepo. Nikala viboko hamsa ishirini, nikazihesabu zikishuka, nikazihesabu tena nilipolala kifudifudi. Wakaniambia safari ijayo nije na kofia, ama zitaongezwa.

Sikukasirika, maana ni mtani. Nilijiandaa.

Nilitwanga karanga, nikakanda na asali, nikaviringa matonge ya kutia mfukoni. Kila korongo nililovuka nilikula moja, nitake nisitake, kabla njaa haijajua niko wapi. Kilima kilekile nilikipanda napiga mluzi. Mama alikuwa amevaa kofia yangu, na wachukuzi kadhaa walikuwa wamejipanga mbele ya chungu.

"Mtani! Kata ngapi leo?"

"Nimeshiba."

Nikaketi kando ya chungu chake, nikatoa tonge, nikalitafuna polepole. Harufu ya asali ikafanya kazi. Mchukuzi wa kwanza akauliza nauzaje.

"Bure," nikasema. Neno hilo liliniunguza ulimi, sijalitumia tena.

Mstari wote ukahamia kwangu. Uji ukaanza kufanya utando.

"We Mnyamwezi, unataka nife na chungu changu?"

"Natania. Leta kofia."

Akaivua. Niliikagua ndani na nje, mara mbili.

"Mfuko wako mtupu sasa," akasema. "Magoti yatakurudisha hapa, na bei itakuwa baiskeli."

Chini ya shati nilikuwa na matonge ya kunifikisha Kondoa. Niliyatenga kabla sijagawa hata moja.

Nilipita pale miaka yote niliyobaki na baiskeli ile, nimeshiba. Kila mara nilivua kofia kumsalimu, aione vizuri. Uji ulinukia. Sikushuka.