Kuku wa Kumaliza Dozi

Kabla hujaenda mbali, nakuomba radhi. Niliishia darasa la saba, na hata huko siku nyingi nilibaki nyumbani kulima. Herufi za l na r zinanichanganya mpaka leo, kwa sababu kwetu tunaongea Kinamwanga na mdomo ukishazoea huko, mkono unafuata. Mwandiko wangu unaanza mstari umesimama na kuumaliza umelala. Ukurasa mmoja unanichukua asubuhi nzima. Lakini kuongea ndiyo siwezi kabisa. Watu wakinitazama maneno yanakwama kooni, kwa hiyo afadhali niandike.

Naishi Tunduma na mama. Yeye anauza mchele wa Msangano sokoni, mimi nashona mapazia ya malori. Madereva wanaosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, wanakaa foleni siku mbili, wakati mwingine nne, na wanalala humo humo ndani ya gari. Wanapenda pazia zito lisilopitisha mwanga, na chini wanataka nyuzi za rangi zinazoning'inia. Cherehani yangu ni ya kuzungusha kwa mkono. Ya kukanyaga siiwezi.

Nyonga yangu ilivunjika miaka minne iliyopita, bodaboda niliyopanda ilipoteleza kwenye tope nikaangukia ukingo wa mtaro. Nilipasuliwa mara mbili. Mfupa uliunga, maumivu yakabaki. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa kulala tu. Vidonge vya dukani nilikuwa kama nameza mahindi mabichi. Mwishowe daktari akanipeleka kwa nesi anayeshughulika na watu wenye maumivu ya muda mrefu, kwenye hospitali moja huko Mbozi, na ndipo nikaanza morfini.

Ni dawa ya maji, chungu. Naivuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, naiweka mdomoni, nashushia chai. Alfajiri, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili, halafu ya kulalia. Chupa naifungia kwenye sanduku la bati, ufunguo nauvaa shingoni, kwa sababu dawa hii akiinywa mtu ambaye hakuandikiwa inaweza kumuua.

Sitaki kukudanganya kwamba inaondoa kila kitu. Maumivu yapo, ila yanakaa mbali kidogo, kama redio ya jirani. Choo kinakuwa kigumu, kwa hiyo nakula papai na kunywa maji mengi. Wiki za mwanzo nilisinzia mpaka nikashona kidole. Lakini sasa naamka, napika uji, nazungusha cherehani, dereva anakuja kuchukua pazia lake na kulinyoosha juani akisema, "Fundi, hapa nitalala kama waziri." Mimi natabasamu nikiangalia chini. Hayo ndiyo maisha yangu, na nayapenda.

Shida ilikuja kwa sababu ya neno moja.

Mama anajua dawa kwa njia ya malaria. Ukiugua unapewa dozi, unakunywa siku tatu, unamaliza dozi, umepona. Asiyemaliza dozi mama anamwona kama mtu aliyeacha shamba katikati ya palizi. Kwa hiyo tangu nianze morfini aliniuliza kila mwezi, "Dozi imebaki kiasi gani?" Na mimi, badala ya kumweleza kwamba dawa yangu haina mwisho wa namna hiyo, nilijibu, "Bado, mama." Lilikuwa jibu fupi, na mimi napenda majibu mafupi.

Jumamosi moja alinikuta nimeinua chupa kwenye mwanga wa dirisha.

"Vipi, dawa?"

"Imeisha, mama. Imebaki ya kesho tu."

Nilikuwa na maana ya chupa. Jumatatu ilikuwa siku yangu ya kwenda Mbozi kuchukua nyingine. Mama aliweka ndoo chini. Akapiga kigelegele pale pale mlangoni hadi jirani akachungulia.

"Mwanangu amemaliza dozi!"

Nilifungua mdomo. Nakumbuka kabisa kwamba niliufungua. Lakini jirani alikuwa ameshaingia na mikono yake ina unga, wanashikana na mama na kucheka, nikaufunga.

Kesho yake kanisani mama alibeba kuku mweupe, tetea aliyekuwa anataga. Wakati wa shukrani akapita mbele. "Mnamkumbuka binti yangu alivyokuwa analetwa hapa kwa kubebwa," akasema. "Leo nawaambia, amemaliza dozi!" Kanisa zima likapiga makofi. Wakaniambia nisimame, nikasimama nimeshika benchi. Baada ya ibada kuku akanadiwa nje kama vitu vyote vya sadaka, na mzee wa kanisa anayenadi akawa anapaza sauti, "Huyu ni kuku wa kumaliza dozi! Ukimla huyu hata mgongo unanyooka!" Watu wakacheka, wakamshindania, akachukuliwa na mwalimu wa kwaya. Mama alicheka mpaka akafuta machozi na kanga. Sikuwa nimemwona hivyo tangu nivunjike.

Ungekuwa wewe ungemwambia? Mimi sikuweza. Usiku ule nikanywa ya mwisho, na Jumatatu sikwenda Mbozi. Nilijiambia, labda mwili nao umeshamaliza, labda tulikuwa tunaogopa bure.

Jumatatu jioni nilipiga miayo mfululizo, mmoja haujaisha mwingine unaanza. Jumanne pua ikachuruzika, macho yakatoa maji, ngozi ikasimama kama ya kuku aliyenyonyolewa. Tumbo likafunguka. Halafu nyonga. Ile redio ya jirani ikaja kukaa ndani ya kichwa changu. Nilikuwa na pazia la dereva mmoja wa Zambia, alikuwa anavuka siku inayofuata. Nikajaribu kukaa kwenye kiti, nikashindwa hata kuingiza uzi kwenye sindano. Alipokuja na kunisalimu kwa Kibemba, "Muli shani, fundi?" sikuinua kichwa. Akaondoka na kitambaa chake kikiwa nusu.

Mama akasema ni malaria. Akanipeleka zahanati, wakapima, hakuna malaria. Tukarudi. Jumatano asubuhi alikuwa ananipa uji kwa kijiko, na mimi siwezi kumeza.

"Sasa huu ugonjwa gani?" akasema. "Dozi umemaliza, malaria huna. Nani amekuroga?"

Hapo nikaona akishaanza kutafuta mchawi, kutakuwa na mtu asiye na kosa atakayeumia. Nikasema nikitazama ukuta, "Mama, iliyoisha ni chupa. Mimi sijaisha kuumwa. Ile dawa natakiwa kuinywa kila siku."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Miaka, labda."

Alirudisha kijiko kwenye bakuli. Kisha akasema polepole, "Kwa hiyo nimemdanganya Mungu mbele ya kanisa zima?"

"Mungu alikuwa anajua, mama."

"Na kuku ameshaliwa!"

Nilicheka, na kucheka kuliniuma hadi magotini. Yeye hakucheka. Alifunga kanga, akatafuta gari, tukaenda Mbozi siku ile ile.

Nesi alinitazama mara moja tu. "Mdogo wangu, umekata dawa ghafla," akasema. "Hii haikatwi hivyo. Hata siku tukitaka kuipunguza, tutashuka ngazi moja moja pamoja." Akaenda kuongea na daktari, wakanianzishia kiasi kidogo kwanza, huku wananiangalia.

Ndipo mama akatoa kilichokuwa moyoni mwake muda wote. "Nesi, niambie ukweli. Mtu wa kutetemeka akikosa dawa si ndiyo teja? Nawaona pale kwenye maegesho ya malori, vijana wamelala mchana na inzi mdomoni. Huyu ni mmoja tu niliye naye."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nesi hakukasirika. "Mwili wake umeizoea, mama, ndiyo maana umelalamika. Lakini wale, dawa inawatoa kwenye maisha. Huyu inamfanyia nini?"

Mama akafikiri. "Anashona."

"Haya. Na wewe presha unayo?"

"Ninayo."

"Dozi yako ya presha utamaliza lini?"

"Ile siyo dozi," mama akajibu haraka, kama anamsahihisha mtoto. "Ile ni ya kila siku."

Nesi alikuwa anaandika tu kwenye kadi. Mama alinitazama mimi, akamtazama nesi, akashika kichwa. "Yesu wangu! Na nilivyokazana!" Tukacheka wote, na wagonjwa waliokuwa kwenye benchi nje wakaanza kucheka bila kujua tunacheka nini.

Jumapili iliyofuata nilimwomba asiseme lolote. Alisema. Alipita mbele mikono mitupu na kusema kwamba alikosea, binti yake hajamaliza, anakunywa dawa kali kila siku kwa amri ya daktari, na atakayemwita teja aje kwanza kwenye duka lake la mchele. Mchungaji alikohoa. Mimi nilitazama sakafu, lakini sikuona aibu niliyoitegemea. Baada ya ibada mama mmoja mtu mzima alinivuta pembeni akaninong'oneza kwamba naye anakunywa vidonge vya kila siku, na mume wake hajui.

Siku hizi naiweka chupa sandukuni mbele ya mama, naye akiwa sokoni anapiga simu saa nane kunikumbusha. Juzi simu ililia wakati dereva anachagua rangi ya nyuzi. Akauliza dawa ya nini. Nikamwambia, ya nyonga, ya kila siku. Akasema, "Sawa. Basi niwekee nyekundu." Tukaendelea na kazi.

Kwa Kinamwanga sijapata neno la dawa isiyo ya kumaliza, na kwa Kiswahili nasema tu "ya kila siku". Wewe unayeisoma barua hii ndefu, kama nawe unakunywa ya kila siku, niandikie. Nyumbani kwenu mnaiitaje? Na ulimwambia nani kwanza? Mimi nitasoma polepole, lakini nitasoma yote.