Gari Lililomwogopa Fundi

Gari bovu halikumsumbua fundi. Lililomzeesha ni gari la kinafiki. Hili kuukuu la mkunga lilimgomea mwenyewe kila alipoitwa kwa mzazi, lakini likifika gereji linawaka mara moja, kama mtoto mtundu mbele ya wageni. Mafundi wengine walibadilisha betri, wakamwachia Mungu. Huyu aliliendesha mpaka likapata moto, akalizima, akakaa ndani, viganja vyeusi magotini, akipumua kama mtu anayesubiri mkwe mlevi amalize hotuba. Akawasha. Likawaka. Akazima tena.

"Fundi, si zima hili?" mkunga akauliza. "Jioni nina zamu, na yupo mjamzito ananitegemea mimi."

"Ni zima kwa sababu linaniona," akajibu, bila kugeuka.

Akawasha, akazima, mpaka macho yakamlegea. Mwishowe ufunguo ukazunguka, kukasikika "tak", basi. Fundi akafunua boneti, akagusa waya wa stata, ile mota ya kuwashia injini, akarudisha kidole haraka: ulikuwa unaunguza; ubovu ulijificha hapo. "Ahsante, mwanangu," akaliambia gari kwa upole. Mkunga, aliyekuwa akiulaani ukimya huo siku zote, akapiga vigelegele.

Fundi akatandika gunia, akajisukuma uvunguni na spana yake.

"Pole pole, dada. Likisikia litawaka."