Mwajabu Ajifunza Kipepeo

Mwaka ule binti yake Zubeda alipoolewa na kuhamia Dodoma, Mwajabu akashindwa kukaa. Hakuhama nyumba, alikuwa palepale Tandika, kwenye chumba cha mbele alichokifanya karakana ya mapazia, cherehani mbili na meza ndefu ya kukatia. Kilichomshinda ni kukaa kwenye kiti. Anashona upindo mmoja, anasimama. Anachungulia dirishani, anarudi, anakanyaga cherehani kidogo, halafu anaona kabati limekaa vibaya, analisukuma. Mumewe Abdulrahman, mtunza stoo kwenye ghala moja la mabati, akirudi kazini anakuta kitanda kimehamia ukuta wa pili.

"Mama Zubeda, leo nalala upande gani?"

"Ule uliozoea. Kimegeuka kitanda, hukugeuka wewe."

Alikuwa na miaka arobaini na minane. Joto lilikuwa linampanda ghafla kuanzia kifuani mpaka masikioni, hata asubuhi, hata mvua ikinyesha. Anavua ushungi, anajipepea kwa kipande cha kitambaa cha mteja, au anakwenda dukani kwa jirani kusimama mbele ya friji kama mtu anayechagua soda, kumbe anaiba ubaridi. Nesi wa zahanati akamwambia ndiyo umri wenyewe, hedhi inakoma, mwili unajipanga upya, ajitahidi kufanya mazoezi.

"Mazoezi gani?"

"Yoyote unayoyapenda, mama."

Neno hilo alitoka nalo mpaka nyumbani. Anayoyapenda! Akiwa msichana, likizo zote alikuwa kwa bibi yake Kigamboni, na huko alikuwa hatoki majini. Alifundishwa kuogelea na kaka yake Khalfani, akamzidi Khalfani mwenyewe. Kisha akakua, akaolewa, wakaja watoto, zikaja cherehani, maji yakabaki ya kuogea na kufulia tu.

Mteja wake mmoja, Nusaiba, ndiye aliyemtonya kwamba kuna bwawa Kinondoni ambako Jumapili asubuhi ni zamu ya wanawake, mwanaume haingii. Mwajabu akanunua kitambaa cha kuvutika, akajishonea vazi la kufunika mwili mzima. La kwanza lilijaa maji likavimba kama robota la mitumba, na Nusaiba akacheka mpaka akashika ukuta. La pili lilikaa vizuri.

Siku alipojitosa nalo kwenye lile bwawa, joto lote lilimtoka kama limeitwa na mtu mwingine. Mikono ilikumbuka. Akaenda na kurudi kwa mtindo huru, akaenda na kurudi kwa mtindo wa chura. Halafu, kabla hata hajachoka, ile hali ya nyumbani ikamfuata majini. Sasa nini? Ndiyo basi? Alikuwa ameshika ukingo akitafuta pa kwenda alipoona mtu akija kutoka upande wa pili.

Alikuwa Jesca, mwalimu wa kuogelea pale bwawani, binti wa miaka thelathini hivi. Mikono yake miwili ilitoka majini kwa pamoja, ikapita hewani, ikaingia mbele, na mwili mzima ukafuata kwa wimbi moja kuanzia kifuani hadi kwenye vidole vya miguu vilivyobanana kama mkia. Alipita, maji yakayumba, Mwajabu akabaki mdomo wazi.

"Shikamoo mama," Jesca alimwamkia alipofika ukutani.

"Marahaba. Huo mtindo unaitwaje?"

"Kipepeo."

"Nifundishe."

Jesca akatabasamu. "Mama, umerudi leo majini baada ya muda gani?"

"Muda achana nao. Nifundishe."

Jesca akamfundisha. Kila Jumapili, wengine wakipiga soga ukingoni, wawili hao walikuwa kwenye njia ya pembeni wakigombana kwa upole.

"Usianze na mikono, mama. Kandamiza kifua chini, kiuno kitapanda chenyewe."

"Changu hakipandi."

"Kitapanda. Unaharakisha. Mikono ikishaingia mbele, subiri kidogo maji yakubebe."

"Kusubiri ndiyo siwezi!"

Kweli alikuwa hawezi. Alikuwa anaipiga ile mikono kama anayefukuza nyuki, anazama, anaibuka anakohoa, pua inawaka. Maji yakaruka huku na huko. Nyumbani akafanya mazoezi juu ya meza ya kukatia, amelala kifudifudi, kifua kinashuka, kiuno kinapanda. Abdulrahman akamkuta hivyo, na mteja yuko mlangoni na vipimo vya madirisha yake mkononi.

"Unatafuta nini humo?" Abdulrahman akauliza.

"Kiuno," akajibu Mwajabu, akashuka mezani, akampokea mteja.

Taabu ikaanzia kwenye yale maji yaliyoruka. Dada mmoja aliyetoka kusuka juzi yake alilowa kichwa kizima akiwa amekaa zake ukingoni. Mwingine simu yake iliponea chupuchupu. Wakamwendea msimamizi, Anastasia, na Anastasia akamwita Mwajabu pembeni.

"Dada yangu, usinielewe vibaya. Jumapili watu ni wengi. Ogelea mitindo mingine, hiki kipepeo kiache kwanza."

"Mpaka lini?"

"Kwanza tu."

Mwajabu alijua "kwanza tu" maana yake nini. Wiki ile ilikuwa mbaya. Kabati lilihama, kitanda kikahama, hata jiko likatolewa uani na kurudishwa. Alikata mapazia ya mteja yakawa mafupi, yakaning'inia juu ya kizingiti cha dirisha kama suruali ya mtoto aliyerefuka. Ijumaa jioni Abdulrahman alijaribu kumtuliza.

"Kwani lazima kiwe kipepeo? Ogelea kama wenzio. Maji ni yaleyale."

Mwajabu akaitupa mikasi mezani. "Baba Zubeda, mwili huu mie siujui tena. Nimeishi nao miaka yote, leo unawaka bila kuniuliza, unalia bila kuniuliza, unaninyima usingizi. Nataka kitu kimoja tu, kimoja, niuamrishe mie halafu unitii. Unanielewa?"

Abdulrahman alikuwa mtoto wa Tandale, na maji ya kumfika magotini aliyaonea wasiwasi tangu utotoni. Akaiokota mikasi, akaifunga, akaiweka mahali pake.

"Jumapili twende Kigamboni," akasema. "Baharini hakuna wa kulalamika kalowa."

Mwajabu alimpigia simu Jesca kumwambia. Jesca akamwonya: "Maji ya chumvi yatakubeba zaidi, mama, ila usiende mbali. Ogelea sambamba na ufukwe, pale yanapokufika kifuani. Na kama bahari imechafuka, rudini."

Haikuwa imechafuka. Asubuhi ile maji yalikuwa yamejaa, mawimbi mapana yasiyovunjika yanakuja moja baada ya jingine. Abdulrahman akasimama mchangani na viatu vyake, ameshika kanga ya mkewe kwa mikono miwili. Mwajabu akaingia.

Mara ya kwanza alikunywa maji. Mara ya pili wimbi lilimpiga kibao cha uso. Bwawani alikuwa akiharakisha anazama tu. Hapa akiharakisha anachapwa. Akasimama, akatema chumvi, akayatazama yale mawimbi kwa hasira. Hayakuwa na haraka naye. Kulia kwake, kupiga kwake, hayakujali. Basi akalala juu ya maji, wimbi likamwinua, na likiwa linampita akakandamiza kifua chini kama Jesca alivyomwambia mara chungu nzima. Kiuno kikapanda. Akashtuka. Mikono ikatoka nyuma, yote miwili, nyepesi, ikatua mbele, na mbele kule akalazimika kungoja kwa sababu wimbi lijalo lilikuwa bado halijafika. Lilipofika, akakandamiza tena.

Akaenda. Kifua, kiuno, mikono, pumzi. Hakuna kilichomuuma, hakuna kilichomwaka. Akaenda tena na tena, akasahau ufukwe uko upande gani.

Abdulrahman kutoka mchangani aliona mambo mengine kabisa. Aliona kichwa cha mkewe kimeibuka mdomo wazi, mikono yote miwili imerushwa juu, halafu hakuna kitu. Kisha kichwa tena, mdomo wazi, mikono juu, halafu hakuna.

"Mama Zubeda!" akaita. "Mama Zubeda! Mwajabu! Mwajabu!"

Akatupa kanga, akakimbilia majini na viatu, na suruali ya kitambaa, na simu mfukoni. Wimbi la kwanza likamfika kiunoni, akapita. La pili likamlaza chini.

Mwajabu alisimama kupumzika, maji yakamfika kifuani, akamwona mumewe anabingirika kama pipa. Akamfuata mbiombio, akamkamata ukosi wa shati, akamsimamisha.

"Unafanya nini?"

"Nakuokoa!" Abdulrahman alikuwa anatapika chumvi.

"Unaniokoa na nini?"

"Ulikuwa unazama! Unarusha mikono!"

"Nilikuwa naogelea kipepeo."

Abdulrahman akamtazama, maji yanamchuruzika kwenye ndevu. "Ndiyo kile?"

"Ndiyo kile."

"Kinatisha sana," akasema, na Mwajabu akamshika mkono mpaka mchangani.

Kiatu kimoja cha Abdulrahman kilikuwa kimekwenda na maji, simu imekufa. Mwajabu alimfunika kanga mabegani, akataka kumcheka, akaacha. Mtu huyu alikuwa haogi hata kwenye mvua, na aliingia baharini kwa ajili yake bila kujua atatokaje. Akamsugua mgongo, wakakaa. Lakini macho yake yalikuwa yamerudi kwenye mawimbi na miguu inachimba mchanga.

"Baba Zubeda, narudi kidogo tu, kabla sijasahau."

"Nenda," akasema. "Ila safari hii ukizama kweli, sema."

Jesca alipohadithiwa, alikwenda kuzungumza na Anastasia mwenyewe, wakakubaliana Mwajabu apewe njia moja mwisho wa zamu, wengine wakishatoka majini. Jumapili ya kwanza ya mpango huo wanawake hawakuondoka. Walikaa mbali na ukingo, vichwa vimefungwa mataulo, hata yule aliyeloweshwa nywele. Mwajabu akajisukuma ukutani. Bwawa halikuwa na wimbi la kumngojesha, ikabidi alitengeneze mwenyewe, na katikati nusura aharakishe, akajizuia, akasubiri, akaendelea. Mwishoni pumzi zilimwishia, mtindo ukavurugika, lakini mikono yote miwili iligusa ukuta wa pili.

Nusaiba akapiga kigelegele, wengine wakakipokea. Jesca akachuchumaa ukingoni.

"Umefika, mama. Ila miguu ilitawanyika mwishoni."

"Nimeona," Mwajabu akajibu akihema. Akavuta miwani ya maji machoni. "Sogea. Narudia."