Mbabula Inalala Wapi?

Hii habari hamutaiamini, na mimi sitawabembeleza. Bantu ba Kenya, ile commune ya hapa Lubumbashi, hapana inchi, bananijua: nikisema mvua imenyesha, banatoka kwanza kugusa udongo. Lakini hii niliiona na macho yangu mbili, na mwenye habari iko hapa nyuma yangu, anatoa maganda ya viazi huku anasoma kila mustari juu ya bega langu. Jina yake Kiki. Ni mutoto wa dada yangu Constance. Mimi njo yomba yake, kaka ya mama yake, na akili yake yote ilitoka kwangu.

(Amekohoa. Sijue kama ni ugonjwa ao ananibishia.)

Kiki alianza kukohoa mbele ya kujua kutembea vizuri, nyuma ya surua yenye ilimulaza. Balimupa dawa ya kifua kikuu mara mbili, hata kama vipimo vilisema hapana, juu kwetu hapa mutoto akikohoa mwaka muzima, ugonjwa yake imeshapewa jina mbele hajafungua kinywa. Ku masomo balimukalisha peke yake, pembeni ya dirisha. Halafu tukafika kwa Docteur Dominique, mwanamuke mufupi wa sauti ya chini. Yeye akasema: mapafu ya Kiki iko na kovu, na hiyo kovu haitatoka. Lakini mutoto anaweza kukomaa nayo, hata kuzeeka nayo, kama anatunzwa. Kumupigapiga mugongo kila asubui ili kohozi itoke. Kumupa pompe ya dawa ya kuvuta kupitia chupa ya plastiki yenye kutobolewa. Homa ikianza, kukimbia naye bila kungoja.

Kisha akamupa kamutambo kadogo, kama filimbi nene, yenye mushale na rangi tatu: nyekundu, manjano, kijani. Unapuliza, mushale inakimbia; ikifika kijani, kifua iko muzuri. Alikuwa anaazimisha batoto bengi hivyo, kwa uchunguzi.

Mutoto mwingine angesema merci. Kiki akageuza ile kintu, akaichungulia huku na huku.

"Docteur, hii kijani ni ya nani?"

"Namna gani, ya nani?"

"Ni mutoto gani alipuliza, mukajua kama kijani inaanzia hapa?"

Docteur akacheka, halafu akaacha kucheka. "Ni batoto ba mbali. Ba kwetu hatujabapima ba kutosha. Hata batoto benye kifua kama yako, hapa Lubumbashi, hakuna mwenye anajua ni bangapi. Njo tunatafuta."

Nikamuhurumia. Nikaomba nipulize mimi, niwapatie kijani ya Lubumbashi moja kwa moja. Docteur akanibadilishia kidomo cha kupulizia. Nikajaza hiki kifua chenye kilibeba magunia ya unga ku gare, kituo ya treni, wakati ningali kijana. Nikapuliza. Nyekundu.

"Mutambo imeharibika," nikasema.

"Yomba, ni sigara," Kiki akasema, tena mbele ya bantu.

Mwezi wa sita, baridi ikaingia, ile yetu ya mifupa. Kikohozi ikazidi. Kila asubui mushale ilikuwa inachelewa ku nyekundu kama mulevi ku mulango. Constance akalia, ndugu bakakutana, na mwenye alisema "Kilwa" kwa sauti kubwa kupita bote ni mimi. Hapana Kilwa ya bahari, ni ile ya inchi yetu: kule iko Kambo Mwaba, nyanya yake, na upepo ya ziwa, na samaki. Kamyo ya Guelor, dereva wa malori ya kule, ilikuwa inaondoka mwisho wa juma.

"Pompe ikiisha kule, nitaipata wapi?" Kiki akauliza.

"Kule upepo yenyewe ni dawa," nikamujibu, kama muntu mwenye aliisomea.

"Na masomo? Na siku kifua ikifunga, na ile barabara?"

Ndugu bakaanza kuhesabu feza ya safari. Mutoto akajua kama akipanda ile kamyo, masomo imeisha, Docteur ameisha, na pengine yeye pia.

Siku moja Constance akaenda ku matanga, akaniachia Kiki alale nyumbani kwangu, mutaa ya Makomeno. Asubui akapuliza. Manjano. Akapuliza tena. Manjano.

"Yomba, ku nyumba yako iko nini?"

"Iko mimi."

Hakucheka. Akanusa mito. Akaingia chini ya kitanda, akatoka na soksi yangu, akaiweka mbali sana. Akamuuliza bibi yangu, mwenye nilioa, tulipikia mafuta gani. Mimi nikamuambia asichoke, ni baraka ya mwenye nyumba. Halafu akatoka inje, akasimama mbele ya mbabula yetu, ile jiko ya makaa, imejaa majivu ya baridi.

"Mbabula yenu inalala wapi?"

"Hapo hapo. Bibi yangu hapendi majivu ku chumba."

"Ya kwetu inalala na mimi."

Kweli. Kila magaribi Constance anangoja makala iwe nyekundu, moshi ikate, anaingiza mbabula ku chumba, anaiweka pa kichwa ya mutoto ili kifua ilainike. Kwetu, mutoto akizidi kukohoa, mbabula inazidi kumukaribia. Ni mapendo. Nani angeuliza mapendo maswali?

Tukamuita Docteur ku telefone, akasema makala nyekundu iko na moshi yenye macho haioni. "Lakini asubui moja haitoshi kujua, Kiki. Endelea kupuliza. Na mimi nitauliza bamama bengine." Mupaka leo, mama akimufikia na mutoto wa kukohoa, anamuuliza mbabula yao inalala wapi. Swali ya mutoto wa Kenya!

Constance yeye, kusikia mbabula ilale inje, alikasirika. "Unataka ufe na baridi, bantu baseme ni mimi?"

"Mama, usiku moja tu. Mushale ikibakia ku nyekundu, nitapanda kamyo, na sitalia."

Nikamuazima kabuti yangu, ile yenye baridi ikiiona inarudia kwayo.

Asubui, Guelor anapiga honi ku mulango, kifurushi iko chini, Constance amejishika kichwa. Kiki akatoka ndani ya kabuti yangu, akakohoa, akatema, akajaza kifua. Akapuliza! Mushale ikatoka ku nyekundu, ikapita manjano bila kusalimia, ikapita kijani, ikachomoka ku mutambo, ikaruka ukuta ya lupango ya Constance, ikapasua kioo ya kamyo, Guelor mwenyewe akaanguka anaita mama yake, na mupaka leo polisi banatafuta ile mu—

"Yomba. Ilikuwa manjano."