Shahidi wa Meli

Kila mwaka, kumbukumbu ya ile meli iliyozama inapokaribia, waandishi wa habari hugundua upya kwamba Uvira ina kinyozi aliyenusurika. Humkuta kibandani kwake katika mtaa wa Nyamianda, mashine mkononi, mteja akisubiri na kichwa kilichonyolewa nusu, naye huwapa wanachotaka: mawimbi marefu kuliko kanisa, nahodha akipiga saluti, hata mamba mmoja, tangu gazeti fulani lilipolalamika kwamba habari ya mwaka uliopita ilikuwa kavu. Wao huyaandika yote kwa uaminifu mkubwa. Kwamba siku ile ziwa lilikuwa limetulia tuli na meli ilijazwa watu kupita kiasi, hilo hakuna anayeuliza.

Mwaka huu alikuja mama mmoja kutoka Kiringye, bila kinasa sauti wala kamera.

"Kaka yangu Nyandwi, ule wa kovu kwa shavu, weye ulimuona?"

Alimwona. Yeye mwenyewe akiwa majini, alimwona Nyandwi nyuma ya kioo cha dirisha la meli, akikipiga kwa ngumi. Kinyozi akazima mashine.

"Alikuwa amelala, mama. Hakusikia kitu."

"Ni kweli?"

"Minye mwenyewe nilikuwa pale," akajibu, na mikono yake ikaanza kukunja upya taulo lililokwisha kukunjwa.