Kicheko cha Mjane wa Stesheni Masta

Waliovumisha kwamba mjane wa stesheni masta alifurahia kifo cha mumewe walisikia kicheko tu kupitia ukutani. Ndani hawakuona kitu. Ni mwanamke anayepiga pasi hata vitambaa vya makochi, anayefuta miwani kwa ncha ya leso kabla ya kujibu swali lolote, na tangu mazishi kule Sagalla televisheni yake ilikuwa imefunikwa, kwa kuwa nyumba ina msiba. Jumapili hiyo mpwa wake Phoebe aliifunua, akamwekea filamu ya vichekesho vya matanga, ile aliyoitazama na marehemu wakiwa wachumba, katika ukumbi wa reli hapa Voi. Zamani walicheka mpaka wakashikana mabega. Sasa aliitazama mikono ikiwa mapajani, uso mkavu, hadi mjane wa kwenye filamu alipogonga jeneza na kufoka, "Funguo umeacha wapi, wewe?" Swali hilo ndilo alilomtupia mumewe mlangoni kila alfajiri akienda kazini, miaka yote ya ndoa yao, naye mume akaondoka akicheka. Akalirudia polepole. Kicheko kikamtoka kabla ya machozi.

Kesho yake jirani alikuja. "Mama, watu wanasema ulicheka."

"Nilicheka."

"Basi niambie ulicheka nini, nikakutetee kanisani."

Alifuta miwani, upande mmoja, kisha wa pili.

"Nilicheka na mume wangu, Mama Derrick. Zaidi ya hapo sisemi. Kunywa chai."