Salamu Iliyoandikwa Kwenye Fomu

Nyamizi Mboje Salu. Bibi yake ni yule Milembe aliyetoka Bukundi mwaka wa njaa na ndama mchanga mgongoni; akaacha vyungu, akaacha ngozi ya kulalia, ndama hakumwacha. Baba yake ni Mboje aliyevunja mawe ya kujengea shule ya Mwamanyili kwa nyundo yake mwenyewe, kisha akamkalisha binti yake dawati la mbele na kumwambia mwalimu, "Huyu asipojua kusoma, nitakuja kuyachukua mawe yangu." Akajua kusoma. Na Nyamizi mwenyewe, akiwa ameolewa Lagangabilili, ndiye aliyemuumbua mnunuzi wa pamba mchana kweupe.

Hiyo ilikuwa miaka ya kwanza ya soko huria. Ushirika umelala chali, na kila mwenye lori amekuwa mnunuzi. Mizani ya mnunuzi huyo ilikuwa na njaa: gunia lilipanda zito, likashuka jepesi. Wanaume wakanung'unika ndani ya kofia zao. Nyamizi akashika ndoano ya mizani kwa mikono miwili, akaning'inia kama mbuzi buchani. Mshale ukasema hamsini na mbili.

"Juzi zahanati nilikuwa sitini na moja," akasema, miguu ingali hewani. "Nimekonda lini? Nikiwa njiani kuja hapa?"

Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Lori likaondoka na mizani yake, halikurudi tena.

Huyo ndiye mtu ambaye ugonjwa ulimkuta. Ulianza na tumbo la kuharisha, mwaka wa elfu mbili. Maduka ya dawa yalikuwa yameota Bariadi kama uyoga baada ya mvua, na kila duka lilikuwa na jibu. Huyu akasema amiba, yule taifodi, wa tatu minyoo. Alimeza vidonge mpaka ulimi ukawa na ladha ya msumari. Damu ikaanza kutoka. Majirani wakaanza kumtazama mke mwenza wa zamani kwa jicho la pembeni, na Nyamizi akawakemea: "Mwacheni huyo mama. Angekuwa na uchawi wa hivyo, si angeanza na mume wetu?"

Ilichukua miaka mitatu mpaka hospitali moja kubwa ya Mwanza ikamwingiza kamera tumboni na kuupa ugonjwa jina. Ulikuwa ugonjwa wa Kroni. Daktari Gilbert, kijana mrefu aliyetoka kusoma nje, alimweleza vizuri: askari wa mwili wake mwenyewe wameacha kulinda mpaka, wanachoma utumbo wake. Akampa vidonge vya kuwatuliza. Vidonge vikamvimbisha uso ukawa mviringo kama kibuyu, na Lagangabilili nzima ikampongeza. "Umependeza, mayu, mama yetu! Mwanza kunakufaa!" Huku chini ya kitenge miguu ilikuwa kama fimbo za kuchungia.

Vidonge viliposhindwa, ikabaki dawa moja. Haikuwa ya kumeza. Ilitengenezwa kwa chembe hai, ikaletwa kwenye barafu na mradi wa wafadhili, na ilidondoshwa mshipani. Hiyo dawa ya kibayolojia ilikuwa ya watu wachache, kwa hiyo ilikuwa na vigezo. Ugonjwa uwe umeonekana kwa kamera. Vidonge viwe vimejaribiwa na kushindwa. Kifua kisiwe na TB, maana dawa hiyo ikiwalaza askari, TB iliyojificha inaamka. Na ukali wa ugonjwa ufike alama nane, kwa maswali ya fomu.

Nyamizi alivipita vyote. Ikabaki fomu.

Binti yake Evalina, aliyeolewa Igoma palepale Mwanza, alikuwa na kichanga cha siku nne, hakuweza kumsindikiza. Nyamizi akaenda peke yake. Ili asiaibike ndani ya basi, alifunga kula siku mbili. Akanywa maji ya kulowesha koo tu. Kwenye benchi ya kliniki alikaa na mzee Mayala, mfugaji kutoka Bukundi, mwembamba kama yeye, na ugonjwa uleule. Walipogundua kwamba bibi yake Nyamizi alitoka hukohuko, Mayala akasema, "Basi wewe ni dada yangu, na utumbo wetu ni wa ukoo mmoja." Wakacheka wakishika matumbo.

Mayala aliingia kwanza, akatoka. Nyamizi akaingia. Daktari Gilbert hakuwa Msukuma, lakini alikuwa amejifunza maneno mawili matatu, na alijivunia.

"Mwangaluka, mayu! Mhola?"

"Mhola duhu," akajibu Nyamizi.

Angejibu nini? Kwa Wasukuma mtu akikuuliza kama ni amani, unamjibu ni amani tu. Hata maiti iwe imelala ndani, unajibu mhola duhu, unampa mgeni kigoda, anakaa, anapumua, ndipo unamwambia tumefiwa. Anayetapika shida zake mlangoni hakulelewa.

Daktari akainamisha kichwa, akaandika.

"Jana umekwenda choo mara ngapi?"

"Mara moja." Na ilikuwa kweli. Tumbo lisilo na kitu litatoa nini?

"Maumivu?"

Kijana huyo alikuwa rika la mkwe wake. "Kidogo tu, baba. Namshukuru Mungu."

Alisubiri aulizwe sasa habari zenyewe, maana salamu zilikuwa zimekwisha. Badala yake akapewa bahasha na kuambiwa arudi baada ya miezi mitatu.

Aliifungua basi liliposimama Lamadi, wachuuzi wa samaki wakigombea kupanda. Shule ya mawe ya baba yake haikumwangusha. Alisoma kila neno. *Hali ya jumla: nzuri sana. Maumivu: kidogo. Choo: mara moja. Jumla ya alama: mbili. Mgonjwa hajakidhi vigezo vya kupewa dawa.*

Alisoma tena. Kisha akasema kwa sauti, na basi zima likageuka: "Ameandika salamu yangu!"

Hakulala na hasira hiyo. Alikaa nayo kama mtu anayekaa na mgonjwa. Usiku, akirudi kutoka chooni mara ya sita, mara ya saba, alimjibu daktari peke yake gizani. Miezi mitatu? Utumbo una kalenda? Kliniki iliyofuata ilikuwa baada ya mwezi mmoja, na aliamua kwenda bila kuitwa. Safari hii hakufunga. Usiku wa kuamkia safari alikula ugali wa mtama na mboga ya nsansa mpaka akashiba.

Alfajiri akamwambia kondakta kabla hajakanyaga ngazi: "Mimi ni mgonjwa wa tumbo. Nikisema simama, mwambie dereva asimame. Usiniulize kwa nini."

Basi lilisimama mara nne kabla ya Magu. Mara ya nne bwana mmoja mwenye mkoba akafyonza. "Mama, si ungebaki nyumbani? Tuna shughuli zetu."

"Na mimi shughuli yangu ni hii," akasema Nyamizi akifunga kitenge upya. "Naenda kuipeleka kwa daktari. Ukiwa na haraka, shuka ukimbie, tutakukuta mbele."

Basi likacheka, bwana akatazama dirishani. Lakini Nyamizi hakucheka. Mama wa miaka hamsini na nne, mjukuu wa Milembe, kuchuchumaa nyuma ya kichaka cha barabarani watu wakisubiri! Aliweka aibu hiyo kwenye deni la daktari.

Aliingia chumba cha daktari kabla jina lake halijaitwa.

"Mwangaluka, mayu! Mho—"

"Usinisalimie!" Akaiweka barua mezani. "Leo usinisalimie kabisa. Soma hapa. 'Nzuri sana.' Nani alikwambia ni nzuri sana?"

Daktari Gilbert akasoma, akakunja uso. "Mama, nilikuuliza hali, ukaniambia mhola. Si ndiyo nzuri?"

"Hiyo ilikuwa salamu! Ulinipigia hodi, nikakuitikia karibu. Ndiyo ukaandika kwamba nyumba haina moto?"

"Lakini na choo ulisema mara moja..."

"Nilikuwa sijala siku mbili! Ulitaka nichafue basi la watu? Uliniuliza ya jana tu, hukuniuliza ya juzi, hukuniuliza nimekula nini. Leo niulize. Nimekwenda mara tisa tangu jana, na dereva wa basi ni shahidi. Maumivu yananikunja mpaka nauma mkeka. Na hali yangu ni mbaya, daktari. Mbaya. Andika hilo neno, usilitie asali."

Kijana aliweka kalamu chini. "Nilidhani nawaheshimu kwa kuwasalimia Kisukuma," akasema polepole.

"Salamu ilikuwa nzuri. Kosa ni kuipeleka kwenye fomu."

Akachukua fomu mpya, akauliza upya, taratibu, akampapasa tumbo na viungo. Alama zikafika kumi na sita. Daktari akasema angemwanzishia dawa siku ileile. Chupa moja ilikuwa kwenye friji.

"Na kaka yangu Mayala wa Bukundi?" akauliza Nyamizi. "Yule niliyekaa naye benchi. Alikwambia nini?"

Daktari hakuhitaji kutafuta faili. "Alisema mhola," akajibu. "Nilimwandikia alama tatu. Ndugu zake walileta habari wiki iliyopita. Utumbo ulitoboka. Alifia njiani kwenda hospitali ya Mwanhuzi."

Nyamizi alisimama. Alitaka kutukana, na matusi anayajua, ya Kisukuma yana meno kuliko ya Kiswahili. Lakini kijana alikuwa tayari amelowa macho, na kumpiga aliyeanguka si kazi ya watu wa kwao. "Ng'ombe wangapi kakuachia umlilie?" akamwambia tu, kwa ukali. "Usilie. Rekebisha fomu yako. Swali la kwanza liwe la mwisho, mtu akishakaa na kupumua."

Wakamlaza. Evalina alifika saa saba mchana, kichanga mgongoni, akamkuta mama yake na sindano mkononi, dawa ikidondoka tone kwa tone, uso umekunjamana.

"Mama, si umepata? Mbona umenuna?"

"Nimepata mimi. Mayala hajapata." Akamsimulia yote, mpaka kifo cha njiani. Evalina akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Kliniki hii ni Alhamisi moja kwa mwezi," Nyamizi akasema. "Wewe unakaa hapa hapa mjini. Utakuwa unakuja."

"Mimi? Mama, nina mtoto huyu, nina dagaa za kuanika—"

"Dagaa zitaanikwa na jua. Ng'wanone, mwanangu, nisikilize. Watu wetu wanatoka mbali, wamefunga kula, na adabu imewajaa mdomoni. Hakuna wa kuwaambia. Utakaa benchi ile. Kila anayetoka kwetu, umsalimie wewe kwanza, akujibu mhola duhu kama alivyolelewa, salamu aimalizie kwako. Halafu umuulize amekula lini. Umwambie: ukiingia humo ndani, sema ukweli wa tumbo lako, na useme wa siku mbaya."

"Na wakikataa kunisikiliza?"

"Waambie umetumwa na Nyamizi Mboje." Akanyoosha mkono usio na sindano, akampokea mtoto, akamlaza kifuani. "Yuko mmoja nje, shati la kijani, anashika ubavu. Nimemwona nikipita. Nenda sasa, kabla hajaitwa."